Nyumba Nyuma ya Kiti cha Kinyozi

Alikuwa mtu anayeishi kwa kufungua milango ya wenzake. Kibanda chake kilikuwa kando ya kituo cha mabasi, funguo zimening'inia ukutani kama vidagaa vilivyoanikwa, na mtaa mzima ulimwita Funguo, wala sidhani kama wengi walijua ana jina lingine. Mtu akijifungia nje, akigombana na mumewe na kutaka kitasa kipya kabla jua halijazama, akiachiwa na marehemu baba yake sanduku lisilofunguka, alimwita Funguo. Naye alikuja, akapiga magoti mbele ya mlango, akatega sikio karibu na kitasa kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mlango ukafunguka. Watu wakaingia kwao, yeye akabaki nje akikusanya vyombo vyake.

Kwake hakukuwa na kwake. Alikuwa mpangaji, tena mpangaji mwenye mkosi. Nyumba moja iliuzwa yeye, mkewe na watoto wakiwa ndani wanakunywa chai. Nyingine, mwenye nyumba alimwoza binti yake, akawapa maharusi vyumba vile vile alivyokalia Funguo. Nyingine paa lilibebwa na upepo, na mwenye nyumba akashikilia kwamba kodi ni ya kuta, paa lilikuwa nyongeza. Kila walipofunga virago, binti wa Funguo, mtoto wake wa kwanza, alibeba kisanduku chake cha bati, cha buluu, chenye mwanasesere wa kitambaa, picha alizokata magazetini na vikorokoro ambavyo thamani yake aliijua yeye peke yake. Zamani, wakifika mahali papya, alikuwa akikifungua na kupanga vitu vyake dirishani. Walipoingia nyumba ile ya paa alisimama nacho mlangoni, akauliza, "Baba, hapa tunakaa au tunapita?"

"Tunakaa," Funguo akamjibu.

Wakapita. Tangu siku hiyo binti hakupanga tena kitu mahali popote. Alipotaka chochote aliinua kifuniko kidogo tu, akaingiza mkono kama mwizi, akafunika haraka. Funguo, aliyekwisha kufungua makufuli ya kila namna, alilala na kuamka akikiwaza kisanduku kile, na hakikuwa hata na kufuli.

Kwa hiyo siku alipokuja kibandani mtu mwenye viatu vinavyong'aa, akasema anauza nyumba kwa bei ya kutupa, Funguo hakumwuliza kwa nini anaitupa.

Yule muuzaji alikuwa kinyozi anayehamia mji mwingine. Alimpeleka kuiona kwa njia aliyoiita ya mkato. Waliingia ua wa stoo ya saruji, wakapanda ngazi, wakatembea juu ya bati kwa kunyata, wakashuka kwa ngazi nyingine mpaka kwenye kiua kidogo chenye bomba. Vyumba vitatu vilikizunguka kiua. Funguo alisahau bati, akasahau ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye vitasa. Alikagua kimoja kimoja. Vilikuwa vizima, vya chuma kizito, vya zamani, vile ambavyo siku hizi havitengenezwi. Machozi yalimlengalenga. Alipomaliza ndipo alipogeuka, akatazama kuta za ua.

"Ndugu yangu, mlango wa kutokea uko wapi?"

Muuzaji akamtazama kwa mshangao. "Wewe kazi yako ni nini?"

"Vitasa. Milango."

"Sasa mtu wa milango ananiuliza mimi habari ya mlango?"

Hapo kichwa cha Funguo kikavimba. Mwingine yeyote, mwalimu, muuza mkaa, angekataa nyumba isiyo na mlango. Lakini yeye aliona kwamba kukosekana kwa mlango ndiyo bahati yenyewe: wamepunguza bei kwa sababu ya kitu ambacho yeye hukitengeneza akipiga miluzi. Wakaenda kuandikishana mbele ya karani wa mtaa. Karani akaandika kwamba, mpaka mnunuzi atakapojipatia mlango, atapita kwenye duka la mbele, la kaka yake muuzaji, kama mtu yeyote anayeingia dukani humo. Funguo akatia saini bila kumeza mate.

"Nyumba ina vitasa vizuri ajabu," akamwambia mkewe.

"Na jiko?"

"Lipo."

"Mlango wake unatazama wapi?"

"Mlango nitakushangaza nao," akasema Funguo, na katika hilo hakumdanganya.

Siku iliyofuata alirudi kwa ngazi na tindo lake, akaanza kutoboa ukuta wa kushoto. Tindo likapenya kwenye kitu laini, unga wa kijivu ukammwagikia miguuni. Mwenye stoo akapiga kelele kutoka upande wa pili, "Toboa tu, Funguo! Utatokea ndani ya saruji!" Akahamia ukuta wa kulia. Huo ulikuwa ukuta wa chama cha akiba na mikopo, na hakupiga hata nyundo ya tatu kabla kichwa cha mlinzi hakijachomoza juu ya bati. Mlinzi alimwambia kwa upole, "Funguo, mimi nakujua. Lakini fundi wa vitasa anayetoboa ukuta wa chumba cha fedha, ukigonga tena nitakuwa sikujui." Ukuta wa nyuma ulisimama juu ya mfereji wa maji machafu, mrefu kwenda chini kama kisima. Mtu angetokea hapo mara moja tu maishani mwake.

Na juu ya bati la kunyatia hapabebeki kabati wala mtoto. Likabaki duka la mbele.

Siku ya kuhama walipanga vitu vyote juu ya mkokoteni mmoja, maana hela ya gari ilikwisha kwenye nyumba. Msukuma mkokoteni alikuwa mzee mcheshi mwenye kipara kinachowaka jua. Mbele walitembea watoto mapacha wa kiume, wakibeba ndoo, nyuma binti na kisanduku chake, na mwisho kabisa mkewe Funguo, fundi wa kushona sare za shule, mkasi wake umening'inia shingoni kwa uzi kama kawaida. Walipofika penyewe, mke akasoma kibao kilichokuwa juu ya mlango.

"Baba watoto, hii ni saluni ya wanaume."

"Ndiyo. Nyumba iko nyuma yake."

"Nyuma yake kupitia wapi?"

"Kupitia ndani yake."

Mke aliuweka mkono kiunoni, na Funguo akajua maneno yapo, yanapanga foleni.

Mwenye duka alikuwa mtu mtaratibu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na nywele ambazo hazijawahi kuonekana juu ya kichwa cha kinyozi. Zilikuwa zimesimama, zikasambaa, zikafunika masikio na kola, kiasi kwamba nyuma yake watu walimwita Kichaka. Katikati ya duka palikuwa na kiti chekundu kinachozunguka, na nyuma ya kiti, pazia. Nyuma ya pazia, nyumba ya Funguo. Wazee wawili walicheza drafti pembeni. Mteja hakuwepo.

"Shikamoo, mzee," akasema Funguo, godoro likiwa kichwani.

"Marahaba. Karibu kitini."

"Sikuja kunyoa, mzee wangu. Mimi ndiye niliyenunua kule nyuma. Napitisha vitu tu."

"Najua. Karani alinisomea. Utapita kama mtu yeyote anayeingia humu." Kichaka akakung'uta shuka jeupe. "Nami tangu mdogo wangu aondoke nimejiapiza. Hapa si uchochoro. Kutoka, watu watoke watakavyo. Ila kwenda nyuma hapiti mtu mpaka kichwa kinyolewe."

"Na malipo?"

"Jirani simtozi. Karibu kitini."

Funguo akaona hilo si neno. Nywele zenyewe zilikuwa zimemzidi. Akakaa, godoro likakaa mapajani, akapunguzwa kandokando ya masikio, akapita. Akatoka kuchukua meza. Aliporudi, kiti kilikuwa kinamngoja.

"Mzee, si umeshaninyoa?"

"Nilikunyoa ukiwa na godoro. Sasa una meza."

Kwa meza zilikwenda za utosini. Kwa kabati zilikwenda zote zilizosalia. Mapacha walionyolewa mara mbili kila mmoja walianza kufanana hata kwa baba yao aliyekuwa na njia zake za kuwatofautisha. Mmoja alipofichwa ndani ya sanduku kubwa la vyombo ili ahifadhi nywele za safari nyingine, Kichaka aligonga ubao kwa kitana chake, akauliza kwa adabu, "Na huyu wa ndani anataka mtindo gani?" Wazee wa drafti wakaangua kicheko mpaka kete zikaanguka.

Ilipofika zamu ya viti, Funguo alitoa masharubu yake. Kwa beseni na ndoo alitoa nyusi. Alijitazama kwenye kioo, akajiona ameduwaa, na akajua ataonekana ameduwaa kwa wiki kadhaa, hata akiwa na hasira.

"Sasa basi," akamgeukia msukuma mkokoteni. "Mzee, nisaidie. Mimi nimekwisha."

Msukuma mkokoteni akachukua jiko, akaingia kwa madaha. Kichaka alimzunguka, akakitazama kile kipara kwa huzuni ya kitaalamu.

"Wewe nikunyoe nini?"

"Ndiyo nashukuru, hakuna. Nipite."

"Hujanielewa, ndugu. Mpaka kichwa kinyolewe. Chako hakinyoleki."

"Duh! Miaka yote nacheka wenzangu wanaokwenda kunyoa," akasema mzee akirudisha jiko barabarani, "kumbe nywele ni pasipoti."

Mambo yakawa hivi: Funguo na mapacha walikuwa ndani, vipara vitatu nyuma ya pazia, pamoja na godoro, meza na kabati. Wakitoka, hawarudi. Nje kwenye vumbi kulibaki jiko, sufuria, cherehani, magodoro ya watoto na mwenye mkokoteni anayetaka mkokoteni wake. Na kule walikotoka, mpangaji mpya alikuwa amekwisha kuweka pazia lake.

Binti alikuwa na mikia miwili ya nywele iliyosukwa na mama yake. Aliingia na mto mmoja, akakatwa ncha ya mkia wa kushoto, kidogo tu, Kichaka akijikaza kuwa mpole. Akatoka kuchukua mwingine, na hapo ndipo mama yake alipomshika bega.

"Inatosha," akasema. "Kichwa changu na cha binti yangu hakuna atakayevigusa. Tunakaa hapa."

"Mama watoto," Funguo akaita kutoka nyuma ya pazia, "ni nywele tu, zitaota."

"Wewe nyamaza huko! Mtu mzima huna nyusi! Umenunua nyumba kwa kuangalia vitasa, vitasa vya kumfungia nani, na wezi wenyewe hawawezi kuingia!"

Wazee wa drafti wakainamia ubao wao, mabega yakitikisika.

Mke akavuta kiti cha cherehani, akakaa kando ya barabara katikati ya sufuria zake, akawasha jiko, akateleka maji ya chai kama mtu aliye sebuleni. Wapita njia walimwamkia. Mmoja aliuliza kikombe ni kiasi gani. Mapacha walinusa moshi kutoka nyuma ya pazia, wakaanza kulia njaa kwa sauti moja.

Funguo alisimama pale pale, vidole vimelishika pazia. Hakuweza kuwaona waliokuwa nje ila kwa kioo kikubwa cha duka, ambamo kushoto ni kulia na kulia ni kushoto. Humo kiooni aliiona barabara, mvuke wa chai, na binti yake amekalia kisanduku cha buluu. Akawaza jinsi watu wote aliowahi kuwafungulia walivyoingia kwao bila hata kugeuka nyuma. Hii ndiyo nyumba yake, ameilipia mpaka shilingi ya mwisho, yumo ndani yake, na wenye kuifanya iwe nyumba wako nje wanapikia vumbini.

Binti akainua uso. Kwenye kioo macho yao yakakutana.

"Baba," akaita, wala si kwa sauti kubwa. "Tunakaa au tunapita?"

Kwa mara ya kwanza Funguo hakuwa na jibu. Na mkewe, aliyekuwa ameinamia jiko, alisikia ule ukimya. Alikuwa ameyasikia maneno mengi ya mumewe miaka yote hiyo, ya kweli na ya kujipa moyo, na hakuna lililowahi kumgusa kama ukimya ule. Akainuka. Akajifuta mikono. Akaja mpaka kizingitini, akasimama, akamtazama Kichaka kwa muda mrefu, kuanzia kola kwenda juu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, shemeji. Karibu kitini."

"Sikai. Nauliza tu. Wewe nywele zako nani anakunyoa?"

Kete moja ilikuwa hewani mkononi mwa mzee wa drafti. Ikabaki hewani.

"Hakuna," akasema Kichaka.

"Kinyozi mzima?"

"Kinyozi hajioni kisogo, shemeji. Tulikuwa tunanyoana, mimi na mdogo wangu. Tangu utotoni. Siku nakwenda kuposa nikakaa kwenye kiti hiki, nikamwambia, mdogo wangu, leo ninyooshee nyuma. Nikaenda ukweni. Kila nikigeuka watu wanacheka. Nikigeuka tena, wanacheka upande huu. Posa ikarudi. Nikaja nyumbani nikashika kioo, nikaona: nyuma kumekwenda upande, kama njia ya mbuzi." Akalikung'uta tena lile shuka. "Kesho yake tukapima nyumba kwa kamba, tukaigawa. Mbele mimi, nyuma yeye. Nikamwambia hupiti tena mbele ya kiti changu. Akaanza kupita juu ya bati."

"Mmegawana nyumba kwa sababu ya kisogo?"

"Hukukiona kile kisogo, shemeji."

Mke wa Funguo akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaushika mkasi uliokuwa shingoni, akaukata ule uzi kwa meno.

"Umesema hapiti mtu mpaka kichwa kinyolewe. Cha nani, hukusema. Kaa."

"Hapo sasa!" akapiga kelele msukuma mkokoteni kutoka nje.

"Wewe ni fundi wa nguo," akasema Kichaka, akirudi nyuma mpaka akagota kwenye kiti chake mwenyewe.

"Nakata kola za shule nzima. Kola na kisogo ni majirani. Kaa, kaka yangu, chai inachemka."

Akakaa. Alikaa kwa kusitasita kama mgeni, mikono mapajani, hajui aitazame sura yake au asiitazame. Mke wa Funguo alimfunga shuka, akatoa futi ya kitambaa mfukoni, akampima kutoka sikio hadi sikio, akachora mstari shingoni kwa chaki ya kushonea. Kisha akaanza kukata. Nywele zilianguka kwa mafungu. Ndani yake kilitoka kitana kilichopotea zamani, kikatoka kipande cha penseli, ikatoka kete nyeusi ya drafti ambayo wazee wale walikuwa wametukanana sana kwa ajili yake. Hakuna aliyecheka.

Alipomaliza, akamwita mumewe. "Shika kioo kile kidogo, nyuma. Si hivyo. Inua."

Funguo akakishika. Kichaka akatazama kwenye kioo cha mbele, akakiona kisogo chake ndani ya kile cha nyuma. Mstari ulikuwa umenyooka kama pindo la suruali mpya. Alitazama muda mrefu kupita haja ya kutazama kisogo. Akakigusa kwa vidole viwili.

"Mdogo wangu angenikata hivi siku ile," akasema, "leo nyinyi mngepita kwa nani?"

Mkono wa Funguo ulianza kuuma kwa kushika kioo, lakini hakukishusha.

"Piteni," akasema Kichaka.

Jiko likaingia, likifuka moshi. Cherehani ikaingia, magodoro yakaingia, sufuria zikaingia zikigongana. Msukuma mkokoteni alibeba mzigo mara mbili bila sababu, ili apite tu na kipara chake mbele ya kiti kile. Wa mwisho alikuwa binti. Alifika mbele ya kinyozi, akatua kisanduku, akashika ule mkia wake wa kushoto akamnyooshea.

"Acha, mwanangu. Umeshapita."

"Na kesho?"

Kichaka akafikiri, maana alikuwa mtu asiyevunja kiapo. "Kichwa si kimenyolewa? Kichwa hiki ni chenu wote. Mtapita mpaka nywele zangu zifike kwenye kola."

Na ndivyo walivyoishi, na ndivyo wanavyoishi mpaka sasa. Mapacha wakitoka shule hukitazama kwanza kisogo cha jirani, kisha hupiga kelele, "Mama, mlango umeanza kuota!" na mama yao huchukua mkasi. Wateja wamerudi dukani, wengine wakidai wanyolewe na shemeji. Ukuta wa stoo ya saruji Funguo angeweza kuutoboa siku hizi, kwa kuwa saruji imehamishwa. Tindo analo. Kila mara anasema atautoboa wiki ijayo.

Lakini jioni ile ya kwanza haya yote hakuyajua. Alijua tu kwamba amechoka, hana nyusi, na maneno ya mkewe bado yapo kwenye foleni. Alipita mbele ya chumba cha watoto, mlango umerudishwa. Akapiga magoti, kwa mazoea ya kazi, akatega sikio kwenye kitasa.

Alisikia kisanduku kikiwekwa sakafuni. Kisha akasikia kifuniko kikiinuliwa, kikiendelea kuinuka, kikipita pale kilipozoea kuishia, kikaenda kugonga ukuta wa nyuma, bati juu ya saruji. Halafu vitu vidogo vidogo vikaanza kuwekwa dirishani, kimoja baada ya kingine, na Funguo akabaki amepiga magoti pale pale, akisikiliza.